Kukalia Mvua Nyumbani kwa Watu

Nyie wasichana mnaoshona makuti pale Temeke, kicheko chenu nakijua. Wingu likitanda mnakimbia na makuti kichwani kuyaingiza bandani, na mie bibi yenu natoka barazani kwangu, nasimama uwanjani, naangalia juu kama mtu aliyeitwa jina lake. Siwema ndiye anayepiga kelele: "Bibi, ingia ndani, utaumwa!" Siumwi. Nimelowa maisha yangu yote na meno bado ninayo, haya yaliyobaki.

Masika haya nimeacha kazi. Kuchoka sijachoka, ni goti. Goti la kulia limeikataa ngazi, na fundi wa kuezeka asiyepanda ngazi ni mpiga soga tu. Sasa kabla sijawa mpiga soga kabisa, nataka mjue kazi hii ilivyokuwa, maana nyie mmenikuta tayari niko juu ya mapaa, mnadhani wanawake walikuwa wakipanda tangu zamani. Hawakuwa wakipanda. Naandika mwenyewe, na herufi nilijifunza ukubwani, kwa hiyo msitafute nukta kila mahali. Habari za nani alinilipa nini sitaziandika. Nililipwa, nikala.

Nilianzia kwa Bi Mgeni. Alikuwa shangazi yake mume wangu Salum, anakaa Buguruni, na mtu yeyote aliyejenga kutoka pale mpaka Chang'ombe alipita uani kwake kutafuta makuti. Mjerumani alikuwa ameondoka, Mwingereza ameingia, lakini nyumba zetu zilikuwa zilezile: miti, udongo, makuti juu. Mie nilikuwa mke mpya, nimetolewa Mbagala, sijui kazi yoyote zaidi ya kulima mihogo na kujibu.

Siku ya kwanza hakunipa kuti hata moja. Mvua ilikuwa inanyesha. Alinikalisha kwenye kigoda katikati ya chumba chake, akaniambia, "Sikiliza."

Nikasikiliza.

"Unasikia nini?"

"Mvua, shangazi."

Akanisonya mpaka nikaona aibu. "Mvua! Na mtu akikuuliza unakula nini, utamjibu chakula?"

Tukakaa pale hadi ilipokatika, na mpaka leo sijasoma darasa lingine lililonifaa kama lile. Alinifundisha kwamba rasharasha ni ya kulainisha tu, haivujishi hata paa bovu, kwa hiyo mwenye nyumba akikusifu siku ya rasharasha usiitikie. Manyunyu ni mabaya kuliko yanavyoonekana kwa sababu hayana haraka. Yanakaa juu ya kuti, yanaingia taratibu, na kesho yake ndipo ukuta unapokuambia. Mvua kubwa ya masika, ile inayoshuka wima, inatisha watu lakini haina hila, inapita juu ya paa zuri na kwenda zake. Ya kuogopa ni ile inayokuja upepo unapogeuka, kaskazi inakwisha na kusi inaingia, pepo zote mbili zinagombania mji. Ile inakuja kwa ubavu. Inalitafuta paa chini ya kwapa.

Bi Mgeni sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii. La kulia lilisikia tone likianguka chumba cha pili. Matusi ya majirani aliyapokea kwa la kushoto.

Baadaye ndipo aliponipa makuti. Kushona mnakujua, sitawachosha. Nitasema mambo ambayo nyie mnayaharakisha. Kuti lina uso na mgongo, mgongo ndio unaokaa juu. Mkiliweka kinyume maji yanapata njia ya kutembea. Na mnaposhona msikae kivulini moja kwa moja. Shoneni mahali ambapo mtaliona jua likija na kwenda, mtajua wenyewe kuti limekauka kiasi gani kwa sauti yake mkilikunja. Lililokauka mno linalia. Lililo bichi halisemi kitu, na hilo ndilo litakalowaaibisha.

Sasa kukalia mvua. Hili neno mmelikuta, mnalitumia, hamjui lilitoka wapi.

Zamani sie wanawake tulishona, wanaume wakapanda kuezeka. Mwanamume akimaliza, anafunga vitu vyake, anakwenda. Mvua inakuja, paa linavuja, mwenye nyumba anamfuata fundi, na fundi anasema: makuti mabovu, kawaulizeni wanawake. Basi matusi yanateremka mpaka uani kwetu. Bi Mgeni alichoka. Akaanzisha desturi yake: nyumba yoyote iliyoezekwa kwa makuti yetu, mvua ya kwanza ya kweli ikinyesha, mmoja wetu anakwenda. Anabisha hodi na mkeka wake kwapani, anakaa ndani, anaangalia juu, na haondoki mpaka mvua iishe. Likidondoka tone tunajua limepita wapi: limetoboa kuti, au limepita pale fundi alipoacha pengo. Watu walianza kwa kutucheka. Baadaye wakawa wanaulizana, "Yako imeshakaliwa?" Na paa ambalo halijakaliwa mvua, hata lipendeze vipi, lilihesabiwa kazi haijaisha.

Nilitumwa mie kila mara kwa sababu wenzangu hawakupenda kulowa. Mie nilipenda. Nawaambieni kweli, hakuna kazi niliyoipenda kama ile. Mji mzima unakimbilia ndani, njia zinabaki tupu, vumbi linanuka vile linavyonuka likipata maji, na mie peke yangu natembea na kanga yangu imenigandia mwilini kwenda kukaa kwenye nyumba ya mtu. Nikifika napewa uji wa moto au chai ya tangawizi. Watu wakifungiwa na mvua wanasema mambo ambayo siku ya jua hawasemi. Nimepatanisha mke na mume huku naangalia makuti. Nimewaposea watu. Nimesikia siri za Buguruni ambazo nikizikumbuka nacheka peke yangu, na sitaziandika hapa kwa sababu wenyewe wengine bado wanaswali mstari wa mbele.

Na hali ya hewa ya huku haikai sura moja. Siku ya masika unatoka na jua la kuchoma utosi, unafika Chang'ombe umelowa, unaingia kwa mtu, mara jua limetoka na mvua bado inanyesha, watoto wanaruka nje wanapiga kelele simba anazaa, mara giza, mara upinde, mara unasikia baridi unaomba shuka. Wengine wanalalamika. Mie nilikuwaga nafurahi kama niliyealikwa harusi tatu siku moja.

Aliyekuwa akituezekea sana ni Mzee Kibwana, mtu mpole, mikono kama koleo. Nyonga ilipomkaza hakuweza tena kupanda. Alisimama chini akaangalia juu, akaniangalia mie, akasema, "Binti, wewe unazijua mvua zote. Panda, mie nitakuelekeza."

Nilirudi nyumbani nikamwambia Salum. Yeye alikuwa mchukuzi bandarini, mtu wa maneno machache. Alikula, akanawa, akasema, "Watakuona miguu."

"Basi nipe suruali yako."

Akafikiri tena. "Uifue kabla hujanirudishia."

Ndiyo ruhusa niliyopewa. Nilivaa suruali ya Salum ndani ya kanga, nikapanda. Mtaa mzima ulisimama. Mwanamume mmoja akapiga kelele, "Shuka wewe, unatafuta embe?" Nikamjibu nimekwenda kumtafutia akili, hata huku juu hazipo. Mzee Kibwana alicheka mpaka akashika nguzo.

Mapaa ya mwanzo niliezeka yeye akiwa chini na fimbo yake, ananionyesha. Vidole vinne kati ya kuti na kuti, anasema. Nikaweka vidole vinne. Akasema mbona umebananisha? Nikamwonyesha mkono wangu, naye akaangalia wake. Vidole vyake vinne vilikuwa karibu sita vyangu. Akasema, "Basi tumia vyako." Mapaa yangu yamekuwa mazito kuliko ya wanaume tangu siku hiyo, na mvua ya ubavu haikupata pa kuingilia.

Lakini hilo lote watu walisema ni kazi ya Mzee Kibwana, mie nimekuwa mkono wake tu. Alipohamia kwa mwanawe Kisarawe, hakuna aliyeniita. Nilirudi kushona. Wapo walionunua makuti yangu wakaenda kuita mwanamume ayafunge.

Ni wakati wa vita vya pili. Mabati hayakuonekana, kwa hiyo watu wa Chang'ombe wakawa wanaezeka madebe ya mafuta ya taa, yamepasuliwa na kunyooshwa. Bingwa wa kazi hiyo alikuwa Mashaka, tukimwita Mashaka wa Madebe, mtu mwenye sauti kama kazi yake. Siku moja anakuja uani kwetu mwanamke mmoja wa bara, mke wa karani, mtu wa Songea, mjamzito. Leo anaitwa Mama Anjela. Wakati huo Anjela alikuwa bado tumboni.

Alitusalimia vizuri, "Shikamoo bibi," kwa Bi Mgeni, akakaa. Akasema mumewe amesafirishwa kikazi, amemwachia nyumba ina kuta haina paa, na amemwambia amwite Mashaka.

"Basi mwite," nikamwambia. "Umekuja kwetu kufanya nini?"

"Nimekaa chini ya madebe kwa jirani yangu mvua ya juzi," akasema. "Sikusikia hata alichokuwa ananiambia. Mtoto atalala vipi?" Halafu akasema polepole, anajipapasa kanga. "Mtoto wangu wa kwanza alikufa kwa kifua. Tulikuwa tumepanga nyumba inayovuja. Kila usiku nahamisha kitanda, maji yananifuata. Huyu nitamzaa kwenye masika, dada. Mie sitaki nyumba nzuri. Nataka kitanda kisiguswe na maji."

Bi Mgeni alikuwa ameacha kushona.

Nikamwambia nitaezeka mwenyewe. Mashaka alikuwa anapita na debe lake begani, akasimama kwenye upenu wetu. "Mwanamke aezeke nyumba ya mzazi? Mama, utaogelea."

Mdomo wangu mnaujua. Sikumjibu yeye, nilimgeukia mke wa karani, nikasema mbele ya wote: "Tone likianguka juu ya kitanda chako, mie sipandi tena paa la mtu maisha yangu. Nitashona mpaka nife."

Bi Mgeni akasema, "Umelisema upande wa sikio langu zima."

Niliezeka nyumba ile kama naisuka nywele. Vidole vyangu vinne, kamba nilizivuta kwa meno pale mikono ilipochoka. Kule juu mtu mwenye majivuno anaweza kujisahau, mie sikujisahau hata kidogo. Nikashuka, nikaanza kungoja mvua.

Masika yale mvua haikuja. Mji mzima unashukuru jua, nguo zinakauka, njia zinapitika, na mie peke yangu naomba dua mawingu yashikamane. Kila likitanda nachukua mkeka naondoka Buguruni mbio. Nikifika Chang'ombe, jua. Mke wa karani ananipokea mlangoni anacheka, tumbo limekuwa kubwa, "Karibu tena, dada, leo pia umetuletea jua?" Tukawa tumezoeana hivyo, kwa mvua isiyokuja. Na Mashaka kila akiniona: "Bi Tatu, mvua yako imepotea njia?" Namjibu inamsubiri aoge kwanza.

Halafu nikapata msiba kwetu Mbagala, nikakaa huko siku za matanga. Niliporudi nikaambiwa mama yake mke wa karani amefika kutoka Songea kuja kumwangalia binti yake. Na siku hiyohiyo, kabla sijaenda kumsalimu, upepo ukageuka.

Mnaujua ule muda ambao kuku wanaingia wenyewe. Majani ya minazi yalikuwa yanaelekea kulia, yakasimama, yakaelekea kushoto. Nikamtazama Bi Mgeni, naye alikuwa tayari anatafuta kanga yake ya kichwani. "Mtoto wa watu ametuma mtu sasa hivi," akaniambia. "Ameshikwa na uchungu. Twende, mie nimzalishe, wewe ukalie paa lako." Nusu ya watoto wa Buguruni walipita mikononi mwake.

Mvua ilitukuta njiani. Haikupiga rasharasha, haikubisha. Tulifika tumelowa mpaka mifupa. Barazani tukamkuta Mashaka na wanaume wawili watatu waliojibanza, na aliponiona akasogea kunipisha kwa heshima ya uongo. "Pita, fundi. Nasi tunakalia mvua leo."

Ndani palikuwa pakavu. Palikuwa pakavu na patulivu. Nje dunia inavunjika, ndani unasikia kama mtu anapepeta mchele chumba cha pili. Mke wa karani kitandani anapumua kwa nguvu, mama yake amekaa kichwani pake amemshika mkono, mama mfupi, mweusi, macho yake hayatoki usoni kwa mwanawe. Nilitandika mkeka kwenye kona. Nikasema moyoni, alhamdulillahi.

Ndipo tone likaanguka.

Lilianguka kwenye paji la uso la yule mwanamke. Akafumbua macho. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonikata. Alisema tu, "Limeanguka," kama mtu anayesema mgeni wake amefika. Halafu nikamwona anajaribu kujisogeza. Alikuwa anataka kuhamisha kitanda.

Nikaangalia juu. Pale juu ya kitanda palikuwa pamening'inia furushi la mahindi ya mbegu, mazima na magunzi yake, maganda yamesokotwa vizuri, yamefungwa kwa kamba. Nyumba za kwao bara mbegu inatundikwa juu ya moto, moshi unaifukuzia wadudu. Huku kwetu tunapika uani. Mama wa watu alikuwa amebeba mbegu yake safari nzima toka Songea, hakuona jiko ndani, akaona mahali penye joto ni juu ya kitanda cha mwanawe. Ila hakufunga kwenye kombamoyo, ule mti mzito unaoteremka toka kilele cha paa. Alifunga kwenye ufito, kijiti chembamba kinachoshika kuti. Mzigo umevuta ufito, ufito umevuta kuti, kuti limefungua mdomo.

Ningeweza kusema palepale. Nawaambieni, neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Wanaume wako barazani wanasikia, kiapo changu kiko hewani, na mwenye kosa yuko mbele yangu. Lakini yule mama ndiye aliyeushika mkono wa mzazi. Mwanawe alikuwa anamshikilia kama anayeshikilia ukingo wa kisima. Nikimwambia sasa hivi kwamba tone lililomwangukia mwanao umeliingiza wewe, na yeye anajua mjukuu wake wa kwanza alikwenda vipi, angeuachia mkono ule.

Nikatoka.

"Vipi, fundi?" Mashaka akasema. "Tumesikia neno huko ndani. Limeanguka?"

"Limeanguka."

"Juu ya kitanda?"

"Juu ya kitanda. Nipishe ngazi."

"Ngazi ya nini tena? Si ulisema—"

Nilimpita. Salum alikuwa kazini, suruali sikuwa nayo, nikafunga kanga katikati ya miguu nikapanda hivyohivyo.

Sijawahi kuwaambia nilichokiona kule juu, maana mngesema bibi kachanganyikiwa. Nilikuwa juu ya paa langu mwenyewe katikati ya mvua ya ubavu, na niliiona ikija. Ilikuwa inatembea toka Temeke kama pazia, inafunika mnazi, inauachia, inafunika mwingine. Madebe yote ya Chang'ombe yanapiga kelele kwa pamoja, na makuti yote yametulia yanatoa mvuke mwembamba. Huku giza, kule upande wa bahari jua limepenya, maji yanang'aa. Nilikuwa karibu kupoteza kazi yangu, na nilikuwa nafurahi. Sitaki kuwadanganya. Nilicheka kwa sauti, na mvua ikaniingia kinywani.

Nikatambaa mpaka pale. Nikapata mdomo wa lile kuti, nikalivuta juu. Halikuja. Nikalivuta tena, mzigo wa ndani unalivuta chini. Nikaingiza vidole kwenye pengo kutafuta ufito, vidole vikatokea ndani, juu ya kitanda.

Vikashikwa.

Mkono mkavu, wa moto, ulivishika vidole vyangu kwa ndani, ukavibonyeza mara moja. Halafu ukaniachia, na mara mzigo ukaisha. Ufito uliruka juu wenyewe. Yule mama alikuwa amesimama juu ya kigoda, ameona vidole vinahangaika kuvuta na kuti haliendi, ameangalia mahindi yake, ameelewa. Hakuna aliyemwambia. Nilikaza kuti, nikafunga, nikaongeza jingine juu yake.

Chini nikasikia mlango. Yule mama ametokea barazani, mahindi kayakumbatia, anawaambia wanaume kwa Kiswahili chake cha safari: "Ni mimi. Mahindi hii mimi nafunga. Kwetu tunafunga hivi. Yule mama hana kosa."

Mashaka akajibu: "Shikamoo mama. Lakini tone ni tone. Yeye alisema likianguka hapandi tena. Hakusema tone la nani."

Nikatoa kichwa ukingoni. "Mashaka! Nilisema sipandi tena, sivyo?"

"Ndivyo!"

"Basi niko juu, na sijashuka bado. Simama hapo uningoje nishuke."

Wanaume wakacheka. Mashaka naye akafungua mdomo, na sijui angesema nini, kwa sababu ndani ya nyumba mzazi alipiga kelele mpaka na mie nikashika kamba.

"Nyie wanaume huko nje! Neno lile nilipewa mimi! Kitanda ni changu, tone limeniangukia mimi, na mimi nasema apande! Apande hili na lingine! Sasa ondokeni mwacheni afanye kazi yake, na mimi nifanye yangu!"

Nadhani ni hapohapo Anjela alipozaliwa, au muda mdogo tu baadaye. Nilikuwa bado juu, nikasikia mtoto analia chini yangu. Nilimsikia vizuri sana. Chini ya madebe nisingemsikia.

Nikashuka, nikaingia, nikakuta Bi Mgeni anamfuta mtoto, na kitanda ni kikavu. Yule mama wa Songea alinijia na mahindi mawili ya ile mbegu, akaniwekea mikononi, na mie nikapiga goti kumpokea. Nilikuwa natetemeka kwa baridi. Nikaanza kukusanya mkeka wangu ili niende kubadili nguo nyumbani.

"Unakwenda wapi?" Bi Mgeni akasema bila kugeuka.

"Nimelowa, shangazi. Kazi imekwisha."

"Mvua imekwisha?"

Ilikuwa haijaisha. Nikakaa.

Karani aliporudi safari alimwangalia mtoto, akaangalia juu, akasema pazuri sana. Mpaka leo hatujui alisifu kipi. Tangu hapo nimeezeka Chang'ombe, Buguruni, Temeke yote mpaka Mbagala kwetu, na wanawake wenzangu wakapanda nyuma yangu. Mkewe Mashaka alinijia mwenyewe nimwezekee chumba cha kulala. Alisema mvua ikinyesha hamsikii mumewe akimwita. Si kwamba anataka kumsikia, akasema, ila anapenda kujua ameitwa.

Mabati yamerudi tangu vita viishe, na najua yatashinda. Mwanangu ananiambia atanunua aniwekee. Nimemwambia aniwekee jikoni.

Chumba changu ameezeka Siwema, mwezi uliopita, na mie nimekaa chini na fimbo kama Mzee Kibwana. Vidole vyake ni vyembamba kuliko vyangu. Nilimwambia atumie vyake.

Jana upepo uligeuka. Nilikuwa uwanjani naangalia, na nikaiona inakuja toka upande wa Mbagala, ileile, ya ubavu. Nikaingia, nikakaa kitandani. Mahindi yangu yako juu yangu, mbegu ya mbegu ya Songea, yamefungwa kwenye kombamoyo. Mara hodi. Siwema mlangoni, amelowa, meno yanagongana, mkeka kwapani.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kukalia."

"Marahaba. Pita."

Akakaa kwenye kona. Anaangalia juu, anameza mate, anaangalia juu. Nilimwacha. Sikumsemesha hata neno, na nyie mnajua hilo lilinigharimu nini. Nje mnazi unalia, ndani mtu anapepeta mchele. Tukakaa. Mvua ikapungua, jua likapenya mlangoni, Siwema akashusha pumzi, akaanza kukunja mkeka.

"Bibi, halijavuja."

"Wewe unasikia nini?" nikamuuliza.

Akasimama na mkeka mkononi. Akainamisha kichwa.

"Manyunyu, bibi."

"Basi kaa. Nitakupikia uji."